Mzigo wa Kupimia Taa

Nianze na jambo lililonikera juzi. Nilikuwa napita mjini Lushoto nikamkuta fundi kijana anarekebisha taa za pikapu. Ameielekeza kwenye ukuta wa duka, anachungulia, anakaza skrubu, anachungulia tena. Zana nzuri, mikono misafi. Lakini gari lenyewe limesimama kwenye mteremko! Pua chini, mkia juu, na nyuma hakuna hata fungu la mchicha.

Nikamwuliza, "Mwanangu, hii pikapu inaishi wapi?"

"Shikamoo mzee. Inaishi Magamba."

"Marahaba. Basi mwambie mwenyewe ahamie hapa mbele ya duka, maana taa zako zitafaa hapa tu."

Alinuna. Na anune. Mimi nilinuniwa na kununa miaka mingi mpaka kazi ikakaa mkononi. Nimeona bora niandike, maana mnaoshika testa siku hizi ni wengi na wengine mna vichwa vizuri, ila kuna mambo hakuna simu itakayokuambia.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Nilikuwa, niseme, maana sasa vidole vinatetemeka na waya mwembamba unanicheka. Shule niliishia darasa la tatu. Baba alitaka mtu wa kuchunga mbuzi, na sikulia. Kusoma nasoma, kuandika naandika, polepole, na haya nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Asije mtu akasema nimeandikiwa. Nyumba ninayokaa ni ya matofali ya kuchoma, na kila tofali limetoka kwenye waya. Sikurithi, sikupewa.

Kazi nilifundishwa kule Magamba, kwenye kiwanda kimoja cha kupasua mbao ambacho siku hizi hakipo. Mwalimu wangu alikuwa mzee Samweli, fundi wa umeme wa malori ya magogo. Alikuwa mfupi, mkali, na kidole chake kimoja kilichukuliwa na msumeno, kwa hiyo akikunyooshea mkono kukutukana unaona vidole pungufu na unataka kucheka, na ukicheka umekwisha.

Huyo mzee alitufundisha kugusa. Gari likija lina taa hafifu, sisi tunakimbilia balbu. Yeye anapiga kelele, "Acha balbu! Washa taa, halafu pitisha mkono kwenye waya!" Sisi tunaogopa. "Gusa! Unaogopa nini? Hiyo ni betri, siyo nguzo ya umeme!" Unagusa. Ukikuta sehemu waya una joto, hapo ndipo umeme unapopotelea. Ulikuwa unakwenda kwenye taa, umeishia kupasha waya moto. Ukibadilisha balbu mara mia hujatengeneza kitu.

Na alitufundisha kunusa. Mpaka leo nikipanda gari la mtu, kabla sijasalimia naweza kusema swichi yake ya taa imeanza kuungua. Ile harufu ya plastiki inayopikwa taratibu, kama samaki aliyesahauliwa. Watu hudhani ni uchawi. Siyo uchawi, ni pua.

Lakini somo kubwa alilotupa lilikuwa la karai. Siku moja alituita uani akasema, "Nionyesheni mahali palipo tambarare hapa, tupime taa za lori." Wote tukanyoosha mkono palepale, katikati ya uwanja. Palikuwa tambarare, bwana, macho yetu yaliona tambarare kabisa! Akaweka karai chini, akamimina maji. Maji yakajaa upande mmoja mpaka yakamwagika, upande wa pili karai likabaki kavu.

"Mnaona?" akasema. "Ninyi mmezaliwa mmeinama. Mnalala kwenye mteremko, mnalima kwenye mteremko, mnazikana kwenye mteremko. Mtu wa milimani hawezi kuamini macho yake kuhusu tambarare. Amini maji."

Vijana wa Korogwe au Tanga hili haliwasumbui. Sisi ndio linatusumbua. Mpaka leo nikiona mahali nikasema hapa pako sawa, najua kwamba pamelala upande. Kwa hiyo fundi wa huku asiye na karai, mimi simhesabu.

Sasa nije kwenye ile kazi ninayojivunia kuliko zote. Haikuwa zamani sana, nilikuwa nimekaribia kustaafu.

Alinijia Zubeda, binti mkubwa wa mzee Hoza. Mzee Hoza ni rika langu, dereva wa pikapu, anakaa juu ya Magamba. Maisha yake yote ameteremsha mboga za watu: kabichi, karoti, viazi, na mapeasi wakati wake. Zubeda anauza sokoni. Aliingia gereji mchana, ameshika pindo la kanga alilolifunga fundo.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mama. Umefunga nini humo, hela za Idi?"

Hakucheka. Akafungua fundo. Ndani mlikuwa na ufunguo wa pikapu.

"Baba haoni," akasema.

Akanieleza. Juma lile walikuwa wanarudi kutoka sokoni jioni, ukungu umeshuka kama kawaida ya kule. Yeye na shangazi yake wako nyuma juu ya matenga matupu. Kwenye kona moja tairi la mbele likaingia mtaroni. Hakuumia mtu, lakini shangazi alirushwa akaangukia tenga, na kilio chake kilisikika mpaka kwa majirani.

"Nilimwambia baba, huoni mtaro? Akasema, mtaro gani? Baba mdogo, mtaro umechimbwa tangu mimi sijazaliwa!"

Walikaa kikao. Kaka yake, Rajabu, akasema pikapu iuzwe, na mnunuzi ameshampata, mtu wa Mombo. Jumamosi jioni atapanda Lushoto kumalizana.

"Wewe unasemaje?" nikamwuliza.

"Tukimnyang'anya ufunguo moja kwa moja, baba atakaa kizingitini anisubiri nirudi nimhadithie habari za soko. Unamjua. Atakwisha palepale. Lakini tukimwachia, siku moja atatuua wote. Sasa wewe niambie. Kama ni macho, tunauza. Kama ni taa, sema ni taa. Wewe ndiye anayekusikiliza."

Nilimwambia neno ambalo nawaambia na ninyi vijana: ujue kazi yako inapoishia. "Mimi ni fundi wa taa. Macho yana mafundi wake, wako hospitali. Kesho mpeleke, gari niachieni."

Akampeleka. Waliporudi mzee Hoza aliingia gereji kifua mbele, miwani puani.

"Wamekupa macho mapya?" nikamwuliza.

"Ya kusomea tu. Ya mbali wamesema nayo yanatosha, ila kwenye giza mtu mzima anahitaji mwanga kuliko kijana. Lakini hii miwani ni nzuri sana. Kwanza leo ndiyo nimeona ulivyozeeka."

"Na mimi leo ndiyo nimeona taa zako, Hoza. Njoo uone ulichokuwa unaendeshea."

Nilikuwa nimeshazifungua. Vijana, sikilizeni vizuri hapa. Kile kisahani cha ndani, kinachosukuma mwanga mbele, kilikuwa kimepauka kama sufuria iliyosahaulika uani. Kioo cha mbele kimechubuka kwa miaka ya vumbi na changarawe. Waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, umefungwa kwenye bolti yenye kutu nene. Umeme unapita hapo kwa kuomba. Na umeme wote wa taa ulikuwa unatoka kwenye betri, unazunguka mpaka kwenye swichi ya usukani, unarudi tena mbele kwa waya mwembamba mwembamba. Niliwasha, nikapitisha mkono. Waya moto. Swichi moto zaidi. Kwenye betri umeme umejaa, kwenye taa unafika umechoka.

"Hoza," nikamwambia, "umekuwa ukiendesha kwa mshumaa."

Akatazama ile sufuria yake kwa muda. Halafu akasema polepole, "Sasa mwambie Zubeda."

"Simwambii. Atajionea mwenyewe."

Nilifanya hivi. Swichi ya usukani niliiacha ifanye kazi ndogo tu, ya kuamrisha. Umeme wenyewe nikauvuta moja kwa moja kutoka betri kwa waya mnene, ukapita fyuzi karibu kabisa na betri, ukaingia kwenye rilei, moja ya dimu, mwanga wa chini, na moja ya fulu, mwanga wa mbali. Rilei ni kama nyapara: swichi inamnong'oneza, yeye ndiye anawafungulia wafanyakazi lango. Hapo swichi haiungui tena. Penye ethi nikakwangua bodi mpaka chuma king'ae, nikafunga, nikapaka grisi. Kila waya uliopita kwenye tundu la chuma niliuvalisha mpira, maana barabara zetu zinatikisa na chuma hula waya kidogo kidogo. Viungo vyote nikatia risasi ya kuyeyushwa. Sipindi waya nikafunga solatepu nikaita kazi. Hapana.

Zikabaki taa zenyewe. Hapo ndipo Rajabu alipoingia, na boksi kwapani.

"Shikamoo mzee. Nimesikia unatengeneza, nikasema nisaidie. Hizi ni balbu za LED, nyeupe kabisa. Ukiwasha, usiku unakuwa mchana!"

"Marahaba. Usiku wa wapi?"

"Popote!"

Nikamwambia, "Rajabu, wewe unaishi kwenye ukungu. Ukimulika ukungu kwa mwanga mweupe mkali, unajijengea ukuta wa chokaa mbele ya kioo. Na balbu hizi hazikutengenezwa kwa kisahani cha namna hii. Mwanga utatawanyika kama mahindi yaliyomwagika. Anayekuja mbele yako atakutukana, na wewe mwenyewe huoni."

"Lakini kila mtu anafunga hizi, mzee."

"Ndiyo maana kila mtu ananitembelea."

Alikuwa na taa nzima pia, kisahani na kioo, mpya, nzuri. Nikaziunga kwenye betri nikamulika ukutani. Mwanga wa dimu ulikatwa vizuri kwa juu, lakini upande wa kulia ulipanda. Nikamwonyesha. Hizo ni za nchi wanakoendesha kulia. Sisi tunaendesha kushoto. Taa yetu lazima ipande kushoto, imulike ukingo, mtaro, na mtu anayetembea. Ukifunga hizo hapa, unamulika macho ya dereva mwenzako na ukingo wako unabaki gizani. Dukani zote zinafanana. Uliza, umulike ukutani kabla hujalipa.

Nashukuru kwamba Rajabu hakubisha. Alizirudisha, akaleta za kushoto, za balbu ya kawaida yenye mwanga wa manjano kidogo. Nikafunga. Lakini aliponipa alisema, "Mzee, mnunuzi anapanda Jumamosi. Taa nzuri itaongeza tu bei." Nikajua bado anauza.

Jumamosi alasiri niliwaita wote. Sikuwaita gereji, maana gereji yangu ni mteremko kama nyingine zote. Niliwaita kwenye sakafu ya kile kiwanda cha zamani kule Magamba. Mashine ya kupasulia ilihitaji sakafu iliyolala sawa, na waliomwaga zege lile walijua kazi yao. Paa limeondoka, nyasi zimeota kwenye nyufa, lakini sakafu ipo na ukuta mmoja umebaki. Nikatoa karai, nikamimina maji. Yakasimama sawasawa pande zote. Nilimkumbuka mzee Samweli, nikainamia karai ili watu wasione uso wangu.

Nikakata kijiti urefu wa kutoka chini mpaka katikati ya taa. Nikaenda ukutani, hatua kama kumi hivi, nikachora mstari wa mkaa kwa kijiti kile kile. Mwanga wa dimu lazima ukatike chini ya mstari huo, kiasi cha vidole vitatu au vinne. Ukipanda juu ya mstari, unamulika ndege.

"Mzigo uko wapi?" nikauliza.

"Mzigo gani?" akasema Rajabu.

"Hii pikapu hainunuliwi ikae tupu. Inatembea na kabichi. Ukijaza nyuma, mkia unashuka, pua inainuka, na taa zinainuka nayo. Taa zinapimwa na mzigo, na dereva akiwa kwenye kiti."

Wakatazamana. Kabichi hazikuwepo, zilikuwa shambani bado. Nikawaangalia wao: Rajabu, mke wake, shangazi yao, na wajomba wawili waliokuja kushuhudia mauzo. Watu wa afya njema wote.

"Pandeni," nikawaambia.

"Nini?"

"Pandeni nyuma. Ninyi ndio kabichi."

Mzee Hoza alicheka mpaka akashika usukani asianguke. Wakapanda, wakinung'unika. Rajabu na viatu vyake vya kwenda mjini, wajomba wakikusanya kanzu zao. Mwanga ukutani ukapanda kidogo, kidogo, ukafika kwenye mstari. Wa mwisho alikuwa shangazi. Alipokaa, mwanga ukavuka mstari ukaenda juu kabisa.

"Fundi!" akasema. "Unataka kusema mimi ni mzito?"

"Nasema springi zimechoka, mama."

"Sema tena hivyo hivyo, na kwa sauti, wasikie hawa."

Nikashusha taa kwa skrubu, ya kushoto kwanza huku nimefunika ya kulia kwa gunia, kisha nikageuza. Nikifanya, nikawa nawaeleza. "Mlipoingia mtaroni mlikuwa mmekaa wapi? Nyuma. Taa zile hafifu, na ninyi mmezielekeza kwenye miti. Hoza alikuwa anaonyeshwa matawi." Huko nyuma kabichi zikainamisha vichwa.

Tulipomaliza jua lilikuwa linazama na ukungu unashuka kutoka msituni. Niliutaka huo ukungu. Nikasema, "Sasa hakuna kushuka. Tunakwenda nyumbani kwa Hoza hivi hivi."

Zubeda akampa baba yake ufunguo, lakini hakutoa mkono wake haraka. Akaingia mbele pamoja nasi, dirishani. Mimi nikabanwa katikati, magoti juu kwenye gia. Rajabu huko nyuma simu yake inalia. Mnunuzi kashafika Lushoto.

Hoza akawasha. Vijana, sijui niwaelezeje. Mwanga ulilala barabarani kama mkeka, chini ya ukungu, siyo ndani yake. Juu tunaona weupe tu, lakini chini unaona kila jiwe, kila alama ya tairi, na kushoto ukingo wote na majani yake. Zubeda alikuwa amekamata mlango, vidole vimekauka.

Tukakaribia kona ile ile. Hoza akapunguza mwendo, akahamia katikati kidogo.

"Mbona unapunguza?" Zubeda akauliza haraka.

"Kuna mama na kuni."

"Wapi? Baba, hakuna mtu."

Mimi pia sikuona mtu. Nilitazama mbele, kwenye weupe, nikaona weupe. Nasema kweli, nikafikiri labda mzee anaona vitu visivyopo na mimi ndiye nimempa gari. Halafu mzigo wa kuni ukatokea kushoto kwetu, na mama chini yake ameinama, akainua mkono kutusalimu. Tukampita kwa nafasi nzuri.

"Umemwonaje?" nikamwuliza.

"Kandambili," akasema Hoza. "Ninyi mnatazama juu mnatafuta kichwa. Mimi nimeona kandambili za bluu zinatembea."

Akaendelea mita chache, akanyoosha kidevu. "Na mtaro wako ni ule pale, Zubeda. Leo nimeuona. Una majani mengi, ungetakiwa kufyekwa."

Zubeda akaachia mlango.

Tulipofika kwake wakashuka wote wamelowa ukungu, shangazi akidai chai. Rajabu akaja dirishani na simu mkononi, ameifunika kwa kiganja. "Baba, yule mtu anauliza aje, au vipi?"

Mzee Hoza akazima gari, akachomoa ufunguo, na kama alivyozoea siku zile, akaunyoosha kwa Zubeda. Zubeda akautazama. Akalitazama pindo la kanga yake, akalifungua lile fundo ambalo sasa lilikuwa tupu, akalikung'uta.

"Kaa nao, tate," akasema. Kisambaa chetu, huyo ni baba. Hakuwa amemwita hivyo siku zote zile alizokuwa anauficha ufunguo.

Halafu akamgeukia kaka yake. "Mwambie huyo mtu barabara ya kurudi Mombo iko pale pale."

Rajabu akasimama kidogo. Kisha akaenda pembeni na simu, na nilimsikia akiomba radhi. Kijana mzuri yule, mnapaswa kujua hilo. Alikuwa anamwogopea baba yake, basi.

Hoza akautia ufunguo mfukoni, akaupigapiga kwa nje. "Kesho alfajiri nashuka sokoni," akasema kwa sauti ya watu wote. "Na kesho napakia kabichi za kweli. Zile hazinung'uniki."

Mimi nilitoa karai langu nyuma ya kiti, nikaliweka begani, nikateremka nyumbani kwa miguu. Karai hilo ninalo. Fundi yeyote kati yenu atakayekuja kuliazima nitampa, ila aje amekwishapakia mzigo.